Hina ya Kutoka Eda

Majani nimeyachuma mwenyewe, uani kwetu, Ngamiani,
kwenye ule mhina ulioegemea ukuta wa choo,
asubuhi, kabla jua halijayachosha.
Nikayaanika ndani, juu ya ungo,
maana jua, alisema shangazi Mwanasiti,
huila rangi kabla yako.

Siku tatu. Yakawa na sauti ya karatasi.
Nikatwanga, nikachekecha kwa kipande cha shela kuukuu:
chenga moja tu huziba tundu la koni
na ua likakatikia njiani.

Chai ya rangi iliyopoa. Ndimu mbili. Sukari ili inate.
Mafuta ya karafuu, kwa matone.
Nikalifunika bakuli, likashinda karibu na jiko
kama mgonjwa anayengojewa atoke jasho.

Piko sikununua.
Muuzaji pale Mgandini aliniapia: dakika kumi, nyeusi tii.
Nikamwambia aje amtazame Salha wetu,
mkono wake wa Idi iliyopita:
ua lilivimba, likatumbuka,
likabaki kovu, jani kwa jani.
Kinachoiva kwa dakika kumi ni yai.

Baada ya Isha mama akatoka chumbani, dera la kijani,
rangi yake ya kwanza tangu avae nyeupe.
Nikamwambia, "Kaa."
"Nimekaa miezi minne na siku kumi.
Leo nimetoka, nawe wanikalisha?"
Akakaa.

Kiganja cha kulia kina sugu ya mbuzi ya nazi,
cha kushoto mstari wa kikaango.
Nikashika koni. Akaukunja mkono.
"Usinichore. Nitie tu.
Viganja, ncha za vidole, na kucha.
Kama tulivyotiwa sisi."
Koni zangu tatu, na uchekechaji wangu wote,
nikaziminya zikarudi bakulini.

Nikamfunga vitambaa, mikono yote miwili.
Pua ikamwasha, nikaikuna.
Kiu ikamshika, nikamshikia kikombe.
Nikamlisha wali na changu, nikimtolea miiba,
na mama, ambaye sijawahi kumwona akila
kabla ya mtu mwingine nyumbani humu,
akala wa kwanza.

Mhina ule aliupanda baba.
Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi mama alimtia ndevuni,
Ijumaa akatoka anawaka.
Alipolazwa Bombo hatukupeleka hina.
Weupe ukaota chini, ukausukuma wekundu mbele.
Daktari alisoma vyeti.
Mimi nilisoma ndevu, wala sikumwambia mtu:
upana wa uzi,
upana wa njiti ya kiberiti,
upana wa kidole.
Haukufika viwili.

Alfajiri nikamkwangua kwa mgongo wa kijiko.
Kanuni ni kwamba maji yasiguse mpaka kesho yake.
Alfajiri haijui kanuni yangu: akatawadha, akasali,
mimi nikinung'unika mlangoni na kichupa cha mafuta ya nazi.
Kisha nikamwinamisha viganja juu ya chetezo,
karafuu zikipasuka kwenye kaa.

Rangi ikawa chungwa la Muheza.
"Haikushika," akasema, na uso ukamwanguka.
"Ngoja."
Siku ya pili ikashuka, ikazama,
ikawa ya gogo la mkoko lililolowa.
Akawa anaificha na kuitoa chini ya kanga
kama mtoto mwenye peremende.

Viganja vilififia upesi. Nilimkataza sabuni ya unga,
nilimkataza majivu, nilimnunulia hata glavu,
akazitumia kufungia chupa ya samli.

Ila kucha hazioshwi. Kucha zinangoja kuota.

Jana nimemkuta kizingitini, kwenye mwanga,
ameinua kidole gumba karibu na jicho,
anautazama ule mwezi mweupe shinani.
"Upana wa njiti," akasema,
bila kugeuka.